Jezi Namba Tisa

Misimu kumi na minne nimefua jezi zake
nyuma ya uwanja wetu wa raga, Maryport,
na sikuhitaji gazeti kunisimulia mechi.
Tope begani: kakaba watu.
Majani kifuani: kaangushwa, mpira hakuuachia.
Damu niliiloweka kwa maji baridi na chumvi;
mara nyingi haikuwa yake.
Mara moja ilikuwa, nikajua kabla ya mkewe.

Edwin Fearon, mwana wa mchimba makaa.
Alifuata pesa Hull,
akarudi na goti linalotabiri mvua,
kana kwamba hapa kwetu mvua inahitaji mtabiri.

Sasa ni kocha.
Koti lake huja kikapuni safi kama la karani.
Nalikunjua, natafuta tope, sioni.
Nikasema moyoni: basi, mchezo umemtoka.

Mpaka Jumamosi ile tuliyofungwa dakika ya mwisho.
Nikakuta pindo la mkono wa kulia limetafunwa,
nyuzi zimelowa, alama za meno bado zipo.
Vijana kumi na watatu wako ndani wanaumia,
naye kazuiwa na mstari wa chokaa
ambao hata mtoto angeuruka.
Kila wakikaba, yeye anauma nguo.

Sikumwambia kitu, wala yeye hakuniuliza.
Nilitafuta uzi wa rangi ileile, nikashona.
Wiki iliyofuata akalitafuna tena,
palepale, juu ya mshono wangu.

Uzi nimenunua wa msimu mzima.