Nia ya Siku ya Kuingia

Wakili, akijifanya ofisa, aliuliza bila kuinua macho:
siku ulipoingia nchini
ulikuwa na nia ya kuolewa?

Nilikuwa na nia ya choo.
Nia ya sanduku langu lililobaki Seoul,
nia ya koti, kwa kuwa Bismarck ilikuwa digrii ishirini chini ya sifuri
nami nimevaa sweta ya kuazima ya dada Luzviminda,
yenye tundu kwenye kwapa.

Mgeni, husemwa, siku ya tatu mpe jembe.
Mimi nilikabidhiwa siku ya kwanza:
watoto kumi na mmoja wasiokaa chini,
mmoja anauma,
mmoja hasemi ila majina ya matrekta,
na darasa ambalo mwalimu wake aliondoka Novemba
bila kuchukua kikombe chake.

Orrin alikuja kwa mlango wa nyuma,
mtu wa gesi, mpira begani.
Tangi lako limebaki asilimia nane, akasema, mbona hukupiga simu?
Sikujua kwamba nyumba ina tangi.
Akajaza. Akaingia kuwasha jiko,
kibiriti kikamzimikia mara tatu, akacheka peke yake.
Hapo ndipo? Sijui.
Andika hapo, kama kisanduku cha fomu ni kidogo.

Mbele ya jaji wa wilaya tulikuwa sita,
pamoja na mfungwa aliyengoja zamu yake
akatupigia makofi kwa pingu.
Pete ilimkwama Orrin kwenye kifundo, akalamba kidole.
Mama yake, Solveig, alileta chapati za viazi zenye sukari,
mimi nilipika tambi za kwetu, ndefu,
nikamkataza mtu yeyote kuzikata.
Ndoa ndoano, walishasema.
Hawakusema mshipi unashikwa na nani.

Kisha tukayapiga mapenzi fotokopi.
Akaunti moja, dola mia mbili na kumi.
Bili ya umeme, majina mawili.
Picha arobaini, tarehe nyuma,
katika thelathini na tano Orrin amefumba macho.
Barua ya jirani, Gunnar, kwa penseli:
*Nawafahamu. Wanapendana. Mbwa wao hana tabia.*

Hapo wakili akaacha uofisa, akavua miwani.
Akaweka ncha ya kalamu kwenye viza yangu, chini kabisa,
ambako maandishi yametambaa kama sisimizi:
mwenye hii yampasa kurudi kwao, miaka miwili,
kabla ya kuomba ukaazi.
Ndoa ni halali, akasema. Mume ni halali.
Ila wewe umeazimwa.

Mabadilishano, ndivyo wanavyouita mpango huu.
Mimi nilikuja.
Sijasikia nani alikwenda Batac badala yangu.

Kuna njia: Manila iandike kwamba haina pingamizi.
Basi serikali isiyonijua sura
itatafuta muhuri, itatafuta mtu wa kutia saini,
itasema, kwa lugha nzuri, kwamba hainihitaji.
Mama yangu, ambaye ana pingamizi,
haulizwi.

Barua hiyo tumeingoja tangu Januari.
Viza inakwisha Juni.
Yule wa matrekta jana alisema *Mwalimu*,
mara moja, kwa dirisha, bila kunitazama,
na sikuwa na wa kumwambia isipokuwa Orrin.

Leo, Mei, theluji imekwisha,
nimemkuta anajaza tangi letu.
Nikamwuliza, ya nini sasa?
Nani atakayekuwa humu Desemba?
Hakujibu. Alisoma kipimo, akafunga kifuniko.
Asilimia themanini, alisema.
Nikamwambia ajaze basi mpaka juu.
Hatujazi, alisema, akifuta mikono kwenye suruali.
Huachwa nafasi.
Ikipata joto, hutanuka.