Sarafu Juu ya Mtutu

Kila jioni, vyombo vikishaoshwa,
nalala kifudifudi kwenye zulia la sebule,
mwanamke wa miaka sitini na tatu, goti moja la bandia,
nailenga saa ya ukutani kwa bunduki tupu.
Eldrid, mjukuu wa dada yangu, kumi na tisa tu,
anachuchumaa, ananiwekea sarafu juu ya mtutu:
kroni tano, ile yenye tundu katikati.
"Fyatua. Ikianguka, unarudia."
Inaanguka.
Inabingirika hadi chini ya jiko
na yeye anaifuata kwa mwiko, hasemi kitu.

Wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi.
Hawakuvaa miwani yangu.
Kijiti cha kulengea kikiwa wazi, shabaha ni ukungu;
shabaha ikiwa wazi, kijiti kimeyeyuka.
Nikakubali darubini, ingawa baba angenicheka,
baba aliyeniachia bunduki hii na ubishi wake.

Oktoba iliyopita nilimpiga ayala jike pajani.
Torgrim alikuja na mbwa wake.
Tulifuata damu usiku mmoja, mchana mmoja, usiku tena,
tone kwenye jani, tone kwenye jiwe, kisha hakuna,
kisha tone.
Tulimkuta chini ya msonobari ulioanguka, hai.
Torgrim ndiye aliyemaliza.
Sitasimulia alivyonitazama.

Jumapili, kwenye machimbo ya kokoto,
Eldrid anaijaza bunduki akinipa mgongo.
Mara risasi ya kweli, mara ganda tupu, sijui lipi.
Ya kwanza, mlio. Ya pili, mlio.
Ya tatu, tik,
na mtutu ukainama wenyewe
kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa polisi.
"Umeona?"
Niliona.
Bega lilikwisha kusukuma, jicho lilikwisha kufumba,
na hakuna kilichotokea.
Miaka thelathini na minane nimelaumu upepo,
nimelaumu risasi za bei rahisi,
nimemlaumu marehemu kwa kunirithisha chuma kilichopinda.
Kumbe ni woga,
na kila mara kelele ya bunduki iliufunika.

Kifyatulio hakivutwi, anasema. Kinakamuliwa,
kama chuchu ya mbuzi mwenye kidonda.
Hilo nalijua! Nilikamua mbuzi kabla sijajua kusoma.
Mbona wanaume wote wale, na mabango yao, na sauti zao,
hakuna aliyenifundisha kwa lugha hiyo?

Februari sarafu ilikaa mara nne katika kumi.
Aprili, mara saba.
Mei nikashikwa na mafua, nikarudi tatu,
nikaitupa kroni dirishani
na asubuhi nikaitafuta kwenye majani, nikiwa na nguo za kulalia,
mwenye duka akipita na kunisalimia kwa adabu nyingi mno.

Septemba, siku ya kwanza, dume.
Pembe zake zilikuwa mti mzima uliong'oka na kuanza kutembea.
Mita mia mbili na kumi.
Mpaka wangu ni mia moja, nimeuandika kwa wino kwenye kitako.
Akala, akanya, akaenda zake.
Sikuwa na huruma wala hekima, ni hesabu tu.

Siku ya tisa, mvua ya ubavu,
ndama wa mwaka jana akatoka kwenye mibetula,
mita sitini na kitu.
Akageuka upande.
Nikavuta pumzi, nikatoa nusu,
nikakamua.
Mlio ulinishtua mimi mwenyewe, kama inavyopaswa.
Hatua nne, kisha magoti, kisha manyasi yenye maji.

Nilikaa dakika kumi kabla ya kumwendea.
Mikono ikatetemeka sasa,
ilipopata ruhusa.

Simu ikalia kifuani. Eldrid:
"Mtutu uliinama?"
Nikamwandikia kwa kidole chenye baridi:
Sijui. Nilikuwa namtazama yeye.
Njoo na kamba. Bonde lina utelezi.