Kilicho Nyuma ya Nguruwe

Baba aliuza fahali mwekundu, yule wa pembe moja,
akafunga noti katika kitambaa cha mama cha kanisani,
tukashuka Kisumu, yeye, mimi na leseni yenye muhuri.
Mwaka ule nguruwe mwitu walitoka msituni Isecheno
wakavuna kabla yetu:
usiku mmoja, mistari kumi na minne ya mahindi.
Hawakuacha hata bua la kusimulia.

Bwana Vrajlal alizilaza mbili juu ya kitambaa cha kijani
kama mkunga anayelaza mapacha.
"Hii ni ya marisau. Haidai jicho kali.
Unatupa konzi ya chuma kama anayepanda wimbi;
punje ndogo kwa kanga na kwale,
kwa nguruwe punje kubwa, tisa katika kila fataki.
Hatua arubaini inaua. Zaidi ya hapo inapiga kelele.

"Na hii, raifoli. Mtutu mwembamba, mifuo ndani,
risasi hutoka ikizunguka kama pia.
Ina neno moja tu,
lakini neno hilo linavuka mto."

Baba akainua raifoli.
Alikuwa Keya, alifika Burma; bega lilikumbuka kabla ya mkono.
Shingo ikanyooka, akawa kijana nisiyemjua.
Akalenga kupitia mlangoni, juu ya vichwa vya wapita njia,
hadi kwenye tangi la maji la reli,
akashusha pumzi nusu, akaishikilia.
Nikajua tumeshanunua.

Kisha akaniuliza mimi, mtoto wa darasa la tano:
"Shamba letu likiisha, kinaanza nini?"
Nikahesabu kwa vidole.
Ua wa lusiola. Jiko la Khavere.
Nyumba ya Khavere. Kisima.
Shule, madarasa manne na choo.
Ile njia ya watu wanaotoka matangani usiku.
"Nilipozaliwa mimi," akasema, "kilianza msitu."
Akairudisha raifoli kitambaani, taratibu,
kama mtu anayerudisha mtoto wa wenyewe.
"Nguruwe namjua.
Sijui kilicho nyuma ya nguruwe."

Nyumbani, ami yangu Liseche alicheka hadi akakalia kinu.
"Fahali mzima! Umerudi na ufagio!"

Wala sitasema ufagio ulifagia.
Nguruwe waliisoma bunduki ile wiki mbili,
wakajua hatua arubaini ni ngapi,
wakawa wanakula kwenye ya arubaini na tano.
Mmoja alichukua punje zake akaingia nazo msituni.
Baba alimfuata siku mbili, akarudi na matope,
hakugusa chakula.
Kanga tulikula, naam. Mama alivunja jino kwa risau,
akavihifadhi vyote viwili katika kopo la ugoro,
akivitoa kila baba alipojisifu.

Usiku wa Agosti, mvua ikipumzika,
mimi nimeshika tochi, mahindi yakatikisika.
Mwanga, mgongo mweusi, mlio.
Halafu ukimya, na harufu ya baruti,
na mgongo haupo.

Asubuhi Khavere akaja bila kubisha hodi.
Katika jani la mgomba alileta punje
alizozichokoa kwa msumari kutoka ukuta wake wa udongo.
Zilikuwa zimezama kina cha kucha, zikachoka.
"Hizi ni zako," akasema.

Baba alizimimina kiganjani, akazihesabu.
Akazihesabu tena.
Saba.
Liseche, aliyekuja kuomba moto, hakucheka.
Baba akawa anatazama mkono wake,
si uso wa mwanamke yule, alipomwuliza:
"Khavere, ulikuwa umelala upande gani?"