Kipindi cha Nne, Kikombo

Muhtasari unasema: Mwamko wa Ulaya, vipindi viwili.
Kitabu ni kimoja. Kurasa za katikati hazimo,
nasikia zilifungia karanga.
Basi nikawatoa nje, arobaini na wawili,
tukakata uwanja wa vumbi hadi relini.

Simameni hapa. Tazameni magharibi.
Vyuma viwili vikisogeleana taratibu
kuelekea Dodoma, vikawa uzi,
uzi ukawa nukta.
"Zinakutana, mwalimu," akasema Ndahani,
ambaye baba yake hukaza boliti za njia hii
na anajua ni mita moja, kamili, hadi Kigoma.
Alipojisikia, akacheka.

Hapo ndipo palipoanzia, nikawaambia:
mtu alisimama mahali,
akakiri kwamba amesimama mahali,
akaichora dunia kuanzia unyayo wake.

"Na akisogea?"
Sechelela huyo. Akapiga hatua tatu kushoto;
nukta ikamfuata
kama mwezi umfuatavyo msafiri.

Nilikuwa na mengine ya kusema.
Kwamba walifukua maandiko ya mababu zao
kama tufukuavyo mchanga wa Kinyasungwe mwezi wa tisa,
maji hayajafa, yamelala.
Kwamba walipasua maiti kwa mwanga wa mshumaa
wapate kujua kidole hukunjwa na nini.
Kwamba herufi za risasi zilipangwa kinyumenyume
ndipo zikasomeka.
Na kwamba waliposema mtu ndiye kipimo
hawakuwa wamekuja kumpima babu wa babu yake Ndahani,
ambaye baadaye alipimwa sana:
mataruma mangapi kwa siku, begani.
Hilo nililisema nusu.
Treni ya mizigo ikapita, ikala nusu iliyobaki.

Kazi ya nyumbani: chora unachokiona
kutoka ulipo.

Usiku nikasahihisha, koroboi ikinuka.
Nukta arobaini na moja, zote juu ya ukurasa, safi.
Wa Sechelela nikaugeuza mara mbili
nikidhani nimeushika kichwa chini:
reli pana kule mbali, kubwa kama barabara ya mjini,
halafu zinabanana, zinabanana,
mpaka chini kabisa, shuleni kwetu,
ambapo ameweka alama moja ya penseli
ndogo kuliko punje ya uwele.

Pembeni ameandika:
Nilisimama kule, mwalimu.
Huyu ni wewe.

Kalamu nyekundu ninayo mkononi.
Jogoo wa jirani amewika mara ya pili.