Neno la Arobaini na Moja

Maneno sitini, kurasa mbili, biki mbili,
moja nyekundu. Umeme ulikatika saa moja na nusu
na sasa naandika kwa taa ya simu
iliyoegemezwa kwenye kopo la sukari.
Jumatatu darasa la nne litaketi kupimwa:
weka alama kwenye neno unalolijua,
acha wazi usilolijua. Basi. Kueleza ni rahisi.

Kutunga si rahisi.
Neno jepesi mno halipimi kitu;
neno zito mno linapima kama baba wa mtoto ana kamusi.
Nimeandika “maji”, nikafuta. Nimeandika “ghulamu”, nikafuta.
“Ngalawa” nililiacha, kisha nikajiuliza
nani hapa Ndosho aliyeiona ngalawa. Wao wanajua mtumbwi,
wanajua boti ya Bukavu na uchelewaji wake.
Nikafuta.

“Mazuku” sikulikuta katika kamusi yangu,
lakini hata mtoto wa Himbi ambaye bado hajavaa kaptula
anajua shimo lipi halichezewi alfajiri,
pale hewa isiyo na rangi inapolala chini
na mbuzi akiinama hainuki.
Niliweke? Wote watalijua,
na mtihani unataka wengine wasijue.
Nikaliacha nje, kama mtu
aliyemfungia jirani mlango usoni.

Halafu chambo. Bwira ndiye aliyenifundisha,
Bwira wa hesabu, asiyemwamini mtu:
katika kila maneno sita, moja liwe la uongo,
livalishwe sare kama mengine,
ili mjuaji wa kila kitu ajikwae.
Nikatunga kumi.
Uongo unaoaminika ulinila usiku
kuliko maneno hamsini ya kweli.
La arobaini na moja lilikuwa “uvenzi”.
Nilikata kipande cha “mwenzi”, nikakipaka masizi kidogo,
nikalisema kwa sauti mara tatu.
Lilisimama.

Jumatatu. Hangi aliweka alama sitini kwa sitini,
akamaliza wa kwanza, akakaa
akitazama dirisha lisilo na kioo.
Nilitarajia. Kila darasa lina Hangi wake.
Bauma aliweka kumi na tisa, zote kwenye maneno ya kweli,
na mojawapo ni “istiara”, ambalo sikumbuki kulifundisha.

Kasoki, benchi la nyuma, viatu vyeupe kwa vumbi la mawe,
aliikwepa mitego tisa kama anayejua njia gizani.
Wa kumi akauingia kwa miguu yote miwili.
Alama, na pembeni yake, kwa penseli,
mwandiko umebanana kama watu kwenye pikipiki:

“Uvenzi ni pale umerudi kwenu,
nyumba iko chini ya mawe meusi,
lakini ufunguo ungali mfukoni na hujautupa.
Mama anao.”

Nilisoma nikiwa nimesimama.
“Anao” nini, ufunguo au uvenzi?
Sarufi inaruhusu vyote viwili.
Nimefundisha ngeli miaka kumi na minne
na sijawahi kuona kiambishi kimoja
kikibeba mzigo wa namna hiyo bila kupinda.

Kanuni niliiandika mwenyewe, iko juu ya ukurasa:
neno la uongo, toa alama mbili.
Nilitoa mbili. Mkono ulitii.
Wino mwekundu ukapita karibu na penseli yake,
haukuigusa.

Bwira ameuliza kama chambo zimefanya kazi.
Tisa, nimemwambia.
Amesubiri nimalizie. Sikumalizia.

Sasa ni usiku tena, karatasi ya toleo la pili,
na nafasi ya arobaini na moja iko wazi.
Umeme umerudi, unapepesa.
Nimejaribu maneno matano.
Kila moja nalitamka polepole, dirisha likiwa wazi,
halafu nanyamaza kwanza,
nisikilize kama mtaani kuna mtu ataitika.