Ganda Ukutani

Chini ya dirisha la chumba changu, upande wa kitanda,
fundi Bugumba alipopiga lipu
lilibaki ganda.
Jeupe, jembamba kama ngozi ya kitunguu.
Nikamwambia likwangue.
Akasema, mama Holo, lipu imeshashika.

Mchanga ulitoka hapa hapa Kayenze,
tripu tatu za tipa, nikalipa kwa dagaa.
Sikuuliza ulikuwa mchanga wa nani.
Nani huuliza?

Kisha Lushinge, mpakiaji, yule mwenye bega moja juu,
akaja mlangoni saa nne asubuhi, kifua wazi,
na karai lililofunikwa fulana yake.
Ndani mayai kumi na moja. Mawili yamepasuka.
"Chepe langu," akasema,
na hakumalizia.

Kobe wa maji hatukuwapenda, niseme kweli.
Ukimshika ananuka.
Ukimkuta wavuni, ameshakula kabla yako.
Watoto huwapindua chali
wawaone wanavyopiga miguu hewani
kama mtu aliyefuatwa na wadai wake watatu kwa siku moja.
Lakini sasa Lushinge amesimama mlangoni kwangu
na macho yake yako kwenye ukuta, chini ya dirisha,
na mimi namwona anavyoona.

Holo, darasa la sita, akaleta penseli.
"Mama, usiyageuze. Juu ibaki juu."
Akatia nukta kwenye kila yai,
taratibu, kama anayesahihisha daftari la mgonjwa.
Tukayafukia juu ya alama ya maji, karibu na matete.

Kwenye kikao cha mwalo walicheka.
"Kobe analipa ushuru gani?"
Hata mimi nilicheka kidogo, mdomo una tabia zake.
Lushinge akainuka.
"Mimi nalipwa kwa tripu. Mnajua.
Ila kuanzia yale mawe mawili mpaka kwenye matete,
chepe langu halishuki."
Akaketi. Hakupigiwa makofi.
Tipa lilihamia Igombe; na hilo nalo niliseme,
mchanga wa Igombe nao una wenyewe.

Sisi wanawake tulikuwa tunaanika pale pale chini.
Nyamwiza ndiye aliyeanza: akakata miti, akafunga chanja,
akapandisha dagaa wake juu.
Wiki ya pili tukawa saba. Mwezi haujaisha, ufuo ukabaki mtupu.
Wachuuzi wa Kirumba, waliozoea kutafuna changarawe,
wakaongeza mia tano kwenye ndoo.
Waliocheka kikaoni wakaanza kukata miti.

Viota vingine vikaonekana. Vinne. Mara tisa.
Tukavifunika vipande vya kokoro lililokamatwa,
lile lenye macho madogo, lililokuwa likikomba hata vifaranga vya sato.
Usiku tulipokezana tochi:
kenge upande huu, mbwa wa Masunga upande ule,
na usingizi, ambao ni mwizi kuliko wote.

Holo alichora mistari ya chaki nyuma ya mlango.
Themanini na tatu.
Mvua ya kwanza ilinyesha alfajiri, ile yenye harufu ya bati,
na mchanga wetu ukatikisika mahali pamoja tu,
kama kope.

Walitoka sita.
Kila mmoja upana wa sarafu ya mia mbili.
Mmoja alichukuliwa na mwewe mbele ya macho yetu,
na Lushinge akarusha kandambili, akakosa,
akaenda kuiokota majini huku anatukana kimya kimya.
Watatu hawakutoka kabisa.
Watano waliingia ziwani bila kugeuka,
na sikutarajia wageuke.

Mwaka huu nimepaka rangi chumba, rangi ya maziwa.
Bugumba alipofika chini ya dirisha
akasimamisha brashi, akanitazama.
Nikamwambia, pita pembeni.
Akapita pembeni.