Nimekinai

Ukanda huanza saa moja kasoro robo.
Tende inakuja. Naitazama, naibonyeza, naipitisha.
Tende inakuja.
Khalasi huku, fardhi kule,
yenye tundu la mdudu kwenye ndoo.
Tende inakuja.
Hapa Bahla mlima una rangi ya ukuta,
ukuta una rangi ya mlima,
nami tangu Shaabani nina rangi ya glavu.

Jana ulimi ukaniponyoka.
Sikumwambia mtu, niliiambia ndoo:
Nimekinai.

Kumbe msimamizi, Bwana Yaarubu, yuko nyuma yangu.
Akausimamisha ukanda, mara ya kwanza tangu niajiriwe,
akawaita wote, Wanepali kwa Wabangali:
Msikieni huyu wa Tanga! Anasema ana kanaa,
na kanaa ni hazina isiyokwisha!
Nikatunukiwa katoni ya kilo tano.
Ya tende.

Thuraya, agongaye mihuri ya tarehe,
alicheka hadi kofia ya wavu ikamtoka.
Bibi yake alizaliwa Wete; kwao hadi leo
ugomvi wa maana hugombwa kwa Kiswahili.
Wakati wa chai akanifungulia kesi:
Neno ni letu, mlilitoa huku.
Lilifika kwenu limeridhika,
lina tonge moja mkononi, linasema yatosha.
Mkalikaribisha, mkalipakulia.
Likisema yatosha, ninyi mwasikia ongeza.
Wali wa nazi juzi, wali wa nazi jana,
wali wa nazi leo na kiporo chake asubuhi,
mpaka likashika tumbo, likageukia ukutani.
Huku halikuharibika.
Hapakuwa na sahani ya pili.

Sijui kama ni kweli. Thuraya husema mengi penye chai.
Ila usiku, watu sita na kiyoyozi kimoja kinachokohoa,
nililigeuza mdomoni kama kokwa:
upande huu nimetosheka, upande huu nimechoka,
na katikati kijifereji chembamba
ambacho kila kokwa ya tende inacho,
ulimi wangu ukipita humo, ukirudi humo.

Mama akapiga simu. Unakula?
Nakula tende.
Hujakinai tu?
Nimekinai, mama.
Akanyamaza kidogo, kisha akasema, haya, alhamdulillahi,
na mpaka salio likaisha sikujua
amesikia upande upi.

Katoni iko chini ya kitanda.
Alfajiri nimeifungua, nimekula moja.
Tamu, Mungu anisamehe.
Nikala nyingine.